Sahani Hairudi Tupu

Tawi la mvinje tulilikata Jumamosi nyuma ya karakana ya Shemndolwa,
tukalisimamisha kwenye ndoo ya rangi iliyojaa mchanga.
Nsiande akalivisha pamba,
pamba ileile, kusema kweli, anayofutia kidole
kila alfajiri akishajichoma kupima sukari.
Theluji ya Tabata.
Nje, joto linakausha mpaka mate.

Hii ni Desemba yangu ya kwanza bila ofisi.
Mwaka jana bohari ilinipa mchele, mafuta lita tano na kalenda,
na mhasibu akanitania: "Mzee Kiondo, pumzika salama,"
kama vile nazikwa. Tukacheka.
Mwaka huu kalenda nimenunua mwenyewe,
na siku niliyoizungushia wino si sikukuu,
ni tarehe tano Januari, mwenye muhuri atakaporudi kazini.
Kadi ya zamani ya bima ilikufa pamoja na ajira;
ya ustaafu haijazaliwa.

Naandika mahitaji mgongoni mwa bahasha yao:
Mchele, kilo nane. Kuku wawili.
Bizari, karafuu za shilingi mia tano.
Soda, kreti moja, za wajukuu.
Kitenge cha Nsiande. Nikakifuta,
nikakiandika tena kwa herufi ndogo,
labda na bei itanywea.
Chini yake, mwandiko si wangu:
*Za sukari. Za presha. Waulize.*

Nimewauliza.
Nimekaa kwenye benchi, namba tisini na nne,
kando ya mwalimu mstaafu aliyekuwa akikariri namba yake ya uanachama
kama mtoto wa kipaimara.
Binti wa dirishani alivaa kofia nyekundu yenye kishungi cheupe.
Alikuwa mpole; upole wake ndio ulionitisha.
"Fomu haina muhuri wa mwajiri, baba."
Mwajiri amefunga mpaka Januari.
"Basi Januari."
Na kabla ya Januari?
"Msiumwe, baba," akasema,
wala hakuwa akitania.

Miaka thelathini na miwili walinikata.
Mwezi wa ada walikata, mwezi wa msiba walikata,
nami nilikuwa mzima kama jiwe la kusagia.
Nikajiambia: hiyo ni sahani yangu,
inakwenda kwa jirani nisiyemjua,
mgonjwa wa Songea, mzazi wa Kigoma.
Ale. Itarudi.

Maana ndivyo tunavyoishi mtaani kwetu.
Idi, Bi Kibibi hutuletea biriani, kawa juu;
Krismasi tunampelekea pilau
katika sahani yake ileile ya maua.
Ukikosa cha kuweka, weka ndimu,
weka hata chumvi kwenye karatasi.

Jana usiku Nsiande alimwaga vidonge vya sukari
juu ya kitambaa kipya cha meza, chenye kengele.
Kumi na tisa.
"Nikimeza kimoja badala ya viwili,
tunavuka Mwaka Mpya."
Alisema kwa sauti anayogawia nyama.
Nikainuka kwenda kunyoosha tawi
ambalo halikuwa limepinda.

Leo tumetoka kanisani, wajukuu wameshamwaga soda,
nami nimevuka uchochoro na sahani mkononi, mvuke ukinipanda miwani.
Bi Kibibi akaipokea, akaingia ndani, akakawia.
Ikarudi na ndimu mbili,
na chini ya ndimu, ukanda wa vidonge kumi.
"Namjua mgonjwa mwenzangu," akasema.
"Mwanangu kaniletea vya kutosha. Mpe, wala usiniletee maneno."

Nilisimama uchochoroni nikihesabu.
Kumi na tisa, na kumi.
Viwili kwa siku, tarehe tano tunafika, vitano vikibaki.
Muhuri ukiwepo.
Mfumo usiposumbua.
Ndani, Nsiande alikuwa anaita chakula kinapoa,
na mimi bado nahesabu,
ndimu zikibingirika kwenye maua.